Kitambaa cha Kijani kwenye Mti Mkavu

Mtu anayekubali kosa upesi humchosha mpelelezi kuliko mwongo. Mwongo angalau hukupa kazi, unamfuata kona hii na ile mpaka pumzi zimwishie, maana njia yake ni fupi. Lakini Babu Nguzo, mlinzi wa kambi ya wageni katika hifadhi ya jangwa, alikuwa mahabusu tangu jana asubuhi na jibu lake lilikuwa moja tu: "Kitambaa ni changu, afande. Basi kosa ni langu."

Inspekta alikuwa amelisoma jibu hilo mara nne na kila mara lilimwacha na uchovu uleule. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na sita, magoti yake yamestaafu kabla yake, na wenzake kituoni walimwita Mama Faili kwa kuwa faili likishaingia mkononi mwake halitoki mpaka limechakaa. Hili la Babu Nguzo alitakiwa alitoe leo. Saa tisa alasiri gari la mahakama lingeondoka, na mkuu wa kituo alikwisha sema mzee apandishwe humo kwa shtaka la uzembe uliosababisha kifo. Mzee wa miaka sitini na minane akifungwa hata miaka mitatu, hatoki, anatolewa.

Saa nne asubuhi alikuwa amerudi kambini, yeye na koplo wake, jua likiwapiga utosini.

"Mama, hili jambo si limekwisha?" koplo aliuliza akishusha begi garini. "Kitambaa kipo, mti upo, mzee amekubali."

"Na magoti yangu yapo. Lete kamba ya kupimia."

Hifadhi yote ile, ukiondoa vichaka, ungeihesabu miti yake kwa vidole na vidole vikabaki. Wageni walikuja kwa sababu ya ukimya na nyota, na siku hizi walikuja na bembea za kulalia, vile vitambaa virefu vinavyofungwa kwa mikanda huku na huku, mtu akalala hewani mbali na nge na nyoka. Lakini bembea inataka pa kufunga. Mti mbichi ukifungwa mikanda kila siku unachunika ganda na kufa, na mti mfu wa jangwani unaweza kusimama miaka kumi ukidanganya watu. Ndiyo maana miaka ishirini na miwili iliyopita mlinzi alichimba mashimo kumi na mawili kwa mikono yake, akasimika mabomba ya chuma jozi sita, na jina la Babu Nguzo likamganda hapo.

Nguzo hizo alizitungia na utaratibu. Kila jioni kabla giza halijaingia alilala mwenyewe katika kila bembea, akadunda mara tatu, na akiridhika akachana kipande cha shati lake kuukuu la kazi, la kijani, akakifunga kwenye mkanda wa upande wa kichwa. Bembea isiyo na kitambaa hailaliwi. Wageni walimcheka mzee anayelala vitanda vya watu, lakini kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeanguka.

Mpaka usiku wa kuamkia jana. Jozi tano zilikuwa na wageni wengine ambao maelezo yao yalifanana kama mayai: walilala, alfajiri upepo ukavuma, wakasikia mshindo. Kuhusu jozi ya sita, kitabu cha mlinzi kilikuwa na mstari mmoja, "Jozi ya sita, ndugu wawili." Mkubwa, dereva wa lori, alikutwa chini ya shina la mgunga mkavu lililomwangukia kifuani. Bembea yake nyekundu ilikuwa imefungwa upande mmoja kwenye nguzo ya kumi na mbili na upande wa pili kwenye mti huo, na kwenye mkanda wa mtini kulikuwa na kitambaa cha kijani. Mdogo wake, fundi wa friji, alilala salama katika bembea ya bluu, baina ya nguzo ya kumi na moja na ya kumi na mbili.

"Soma tena alivyosema fundi," Inspekta aliagiza.

Koplo alifungua daftari. "'Nguzo zilikuwa zimejaa. Mlinzi akamwambia kaka afunge kwenye mti. Akaipima bembea, akafunga kitambaa, akaondoka.'"

"Na ile alama ya shoka?"

"Ya zamani, Mama. Imeshakuwa ya kijivu, na ndani yake buibui kajenga nyumba. Jana tumepoteza saa mbili bure."

Kweli walizipoteza. Jana alama ile iliwafanya wadhani kuna mtu aliyeukata mti kwa makusudi, wakahoji wapishi wawili na mwenye shoka. Kumbe kilichoumaliza mgunga ule ni mchwa. Kisiki kilikuwa kimebaki ganda tu, ndani udongo mtupu, na ungeweza kukimeng'enya kama mkate mkavu.

Walipima. Kutoka nguzo ya kumi na mbili mpaka kisiki, hatua sita, sawasawa na nafasi ya nguzo kwa nguzo. Inspekta akamwambia koplo afunge bembea ya akiba ya kambi kwenye jozi ya sita.

"Ya nini, Mama?"

"Nilale."

Koplo alimwangalia usoni kuona kama anatania, akafunga. Kumpandisha ilikuwa shughuli. Mara ya kwanza bembea ilimkwepa, mara ya pili ikampokea ikiwa imemgeuza kichwa chini miguu juu, na koplo akajikohoza ili asicheke. Hatimaye alilala. Alifumba macho, akadunda mara tatu kama mzee, na kwa dakika moja nzima hakutaka kushuka. Tangu jana usingizi wake ulikuwa wa kuungaunga, na hapo hewani hakuna simu wala mkuu wa kituo. Kisha akanyoosha mkono, akaishika nguzo, akajivuta kutoka, akaiegemea kwa mgongo.

"Mama, kiganja," koplo alisema. "Na mgongo. Blauzi imekuwa kama bati la zamani."

Inspekta aliangalia kiganja chake. Kilikuwa chekundu cha udongo. Upepo na mchanga vilikwisha kula rangi yote ya nguzo, na kutu ilihamia kwenye chochote kilichozigusa. Hata mkanda wa bembea ya akiba, ambao haukukaa pale robo saa, ulikuwa umepata mstari mwekundu upana wa vidole viwili.

Alipitisha kidole kwenye mstari ule. Halafu akasema, "Bembea za ndugu wale zilikuwa kuukuu au mpya?"

Koplo alipekua daftari. "Mpya. 'Tulinunua mbili siku ileile mjini, yake nyekundu, yangu ya bluu. Hatukuwahi kuzitumia.' Mikanda myeupe, Mama, niliifunga mwenyewe kwenye magunia."

"Twende."

"Na chai?"

"Chai ina miguu? Itatusubiri."

Kituoni, chumba cha vielelezo kilikuwa kidogo, kina dirisha moja lisilofunguka na harufu ya magunia. Walitandaza gazeti mezani. Bembea nyekundu ya marehemu ilitangulia. Mkanda uliokuwa kwenye nguzo ulikuwa na mstari wa kutu, kama ilivyotarajiwa. Mkanda uliokuwa mtini ulikuwa na vumbi la ganda na udongo wa mchwa. Inspekta aliupangusa kwa brashi polepole, na chini ya vumbi ukatokea mstari mwekundu upana wa vidole viwili.

"Na huu nao," koplo alinong'ona.

"Fungua kitambaa."

Fundo la Babu Nguzo halikuwa la mchezo. Kucha zilishindwa, msumari ukashindwa, mwishowe koplo akatumia meno. Upande wa ndani wa kitambaa, ule uliogusana na mkanda, nao ulikuwa na kutu.

Sasa ilikuja bembea ya bluu, ya mdogo mtu. Mikanda yote miwili ina kutu, maana ililala nguzoni. Inspekta aliipitisha mikononi kutoka mwanzo mpaka mwisho, akairudia tena.

"Unaona nini?" alimuuliza koplo.

"Sioni kitu."

"Basi umeona. Kitambaa kiko wapi?"

Koplo aliipekua tena ile ya bluu. Bembea iliyolala pahali halali haikuwa na kitambaa. Bembea iliyolala pahali pa haramu ilikuwa nacho. Jana walikuwa wamekazana na kitambaa kilichopo mpaka wakamsahau asiyekuwa nacho.

Babu Nguzo alisimama alipowaona, kwa heshima, akishika ukuta. Kikombe cha uji kilikuwa pembeni yake hakijaguswa.

"Shikamoo, Babu. Kaa, usisimame. Juzi ulipima bembea ngapi?"

"Marahaba, mwanangu. Sita."

"Si saba?"

"Nguzo jozi sita, nitapima vipi saba?"

"Lakini ndugu walikuwa wawili kwenye jozi moja."

"Anayefunga ni mmoja. Wa ziada analala bandani, mkeka upo."

"Mbona kitabuni hukuandika nani yuko bandani?"

Mzee alishangaa, kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakuandika kwamba alipumua. "Wa bandani haandikwi. Kitabu ni cha nguzo."

Inspekta aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Miguu ilikuwa inamuwaka. "Babu, sasa kwa nini ulikubali kwamba ulipima ile ya mtini?"

"Miaka ishirini na miwili nalala vitanda vya watu, mwanangu. Bembea ya jana na ya mwaka juzi zote zimenichanganyikia, sikumbuki hii wala ile. Kitambaa ndicho kinachonikumbushia. Nikikiona siulizi tena. Alfajiri ile nikakikuta mtini, fundo langu, shati langu. Nikasema basi, uzee umenifikia, nimelala kwenye mti nikadhani ni nguzo." Alifuta macho kwa nyuma ya mkono. "Nimemuua mtoto wa watu."

"Hukumuua, Babu. Kunywa uji."

Ilikuwa saa saba na nusu. Nje kwenye baraza alikaa mama wa marehemu, mwanamke mwembamba aliyesafiri usiku kucha kuja kuuchukua mwili. Asubuhi alipofika alisimama dirishani kwa mahabusu akamlaani Babu Nguzo mpaka sauti ikakauka. Sasa alikuwa na swali moja tu, na kila askari aliyepita aliulizwa: "Nani alimweka mwanangu kwenye mti mbovu?" Fundi wa friji alikuwa ameketi kando yake, kichwa chini.

Inspekta alimwita fundi ndani, akafunga mlango. Mezani alikuwa ameweka mikanda miwili, kitambaa, na maelezo ya jana.

"Pole tena na msiba," alisema.

"Asante, afande. Nilidhani tumemaliza."

"Tunamalizia. Bembea yako ya bluu, mlinzi aliipima?"

"Ndiyo. Alilala, akadunda mara tatu."

"Akafunga kitambaa?"

"Ndiyo."

"Kiko wapi?"

"Kitakuwa kilidondoka usiku. Upepo."

"Huyu koplo unamwona? Mwulize meno yake yanavyouma. Fundo la yule mzee halidondoshwi na upepo."

Inspekta alimsogezea mkanda.

"Wewe fundi wa friji. Hii ni nini?"

Aliuangalia bila kuugusa. "Kutu."

"Huu ndio mkanda uliokuwa mtini. Mpya, umetoka dukani siku ileile, umesema mwenyewe. Mti unashika kutu?"

Feni la juu lilizunguka likilia. Fundi alifungua kifungo cha shati, akakifunga tena. Inspekta hakumharakisha. Miaka thelathini ya kazi ilimfundisha kwamba kuna kimya cha kutunga na kimya cha kuchoka, na hiki kilikuwa cha kuchoka.

"Mlinzi aliniambia nilale bandani," fundi alisema hatimaye. "Nikaingia, nikaona nge ukutani. Nikarudi kwa kaka nikamwambia mgongo unaniuma, siwezi kulala chini."

"Ulikuwa unauma?"

"Hapana."

"Endelea."

"Alikuwa keshapanda kitandani. Akacheka, akasema, haya, chukua, ndiyo kawaida yako. Akafungua yake, kitambaa kikiwa bado mkandani, nikafunga yangu. Akasema yeye ataenda bandani—" Alijikata. "Akasema ataenda bandani, hajali nge. Mimi ndiye nilimwambia kuna joto kule, afunge pale mtini, mlinzi amekwenda zake. Nikamshikia tochi afunge." Aliugusa mkanda kwa mara ya kwanza. "Nilimshikia tochi, afande."

Koplo aliacha kuandika. Inspekta alimwonyesha kwa kidole aendelee.

"Na mzee wa watu ulimtupia mzigo wa nini?"

"Mama alipiga simu asubuhi ile. Hakuuliza amekufaje. Aliuliza nani alimweka pale. Nikasema, mlinzi. Lilikuwa neno moja tu. Mlipokuja kuniuliza nyinyi, nikaona nikibadilisha atajua."

Inspekta alihisi hasira ikimpanda, akaiacha ishuke yenyewe kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kuibeba. "Kupishwa kitanda si kosa la sheria," alisema. "Kuwadanganya polisi ni kosa, na utalijibu. Nenda kazike, kisha urudi hapa kwa miguu yako. Ila kuna jambo moja kwanza. Mzazi husomewa maelezo kabla ya kukabidhiwa mwili, ndipo atie dole."

Fundi aliinuka nusu. "Hapana. Nifungeni. Niwekeni hata miaka mitano, lakini mama asisomewe hiyo."

"Atasomewa. Unachochagua ni sauti tu. Yako au yangu?"

Alikaa. Alilia kidogo, kwa namna ya mtu anayeona haya kulia, kisha akasema, "Yangu."

Mama aliingia akajikalia ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani. Mwanawe alisimama mbele yake na hakuisoma karatasi. Alimweleza tu, nge, mgongo, tochi, yote, akiangalia sakafu. Alipomaliza, mama alibaki vilevile.

"Alicheka?" aliuliza.

"Alicheka, mama."

"Alikasirika hata kidogo?"

"Hapana."

Mama aliuvuta mkanda mweupe akaupitisha vidoleni mpaka kwenye mstari mwekundu. "Mpishe mdogo wako," alisema. Sauti yake haikuwa ya mtu anayemsema mtu. "Tangu huyu anazaliwa nilikuwa namwambia hivyo. Kiti, mpishe mdogo wako. Dirisha la basi, mpishe mdogo wako. Shule, ada ya mmoja, mpishe mdogo wako, ndiyo akaenda kuendesha malori." Aliurudisha mkanda mezani, akaunyoosha vizuri. "Hakuwahi kunikatalia."

Inspekta alimsogezea kidau cha wino, mama akatia dole gumba mahali alipoonyeshwa, akajipangusa.

"Na yule mzee niliyemlaani?"

"Anatoka sasa hivi, mama."

Saa tisa kasorobo mkuu wa kituo aligonga meza akiuliza nani basi atapanda gari la mahakama, Inspekta akamjibu kwamba leo liende na dereva wake. Babu Nguzo alitolewa, akarudishiwa mkanda wa suruali na kofia yake. Alisimama barazani akipepesa macho kwa mwanga, hajui aende wapi.

"Nilipaswa kurudi kuangalia mara ya pili," alimwambia mama wa marehemu, kabla hata ya salamu.

"Kaa, baba yangu," mama alimjibu. "Umesimama sana kwa ajili yetu."

Akasogea, akampisha. Mzee akaketi. Lilikuwa benchi la watu watatu, na mama alipokwisha kumpa mzee nafasi aliuweka mkoba wake kwenye nafasi iliyobaki. Mwanawe alisimama mbele yao juani, akisubiri, mpaka gari la kubeba mwili lilipofika.